Kidole Ndani ya Bawa

Jumamosi, tarehe tatu Agosti. Asubuhi ina ukungu mwepesi, upepo hakuna.

Wageni wameshakaa vitini kuiona ndege kuukuu ya kumwaga mbolea mashambani, niliyoifufua na kaka yangu, ikiruka tena. Nafuta umande chini ya bawa. Kidole kinazama kwenye rangi ya juzi. Unamwagika unga mweupe: mbolea ya zamani imelila bawa kwa ndani, mpaka kwenye mhimili unaolishikilia.

“Kaka, bawa limeoza! Shuka!”

“Dada nawe! Jana ulilisifia mwenyewe.” Anacheka kwenye kiti cha rubani, anafunga mkanda. “Leo nitawapitia chinichini mpaka kofia ziwatoke.”

Pangaboi linaanza kuzunguka. Namwomba Mungu sauti, naye ananipa.

“Sikieni nyote! Naahidi mbele yenu: kidole hiki hakitoki humu mpaka kaka yangu ashuke.”