Sangara wa Gati la Nkome

Sangara alipomeza ndoano, Jilala alivutwa hadi ukingoni mwa gati. Mkewe akaruka, akamkumbatia kiunoni asitumbukie ziwani.

Ndipo mikono yake ilipozikuta mbavu. Mumewe alikuwa amerudi juzi tu kutoka machimboni, miaka minne akisaga mawe ya dhahabu, na tangu afike hakuwa amelivua koti.

"Achia, Baba Noela!"

"Siachii. Hawa nilikuwa nawatoa kwa mkono mmoja."

Akavuta tena. Kikohozi kikamkunja, damu ikadondokea zegeni, na mshipi ukamponyoka.

Mkewe hakuukimbilia. Aliendelea kumshikilia mumewe, aliyekuwa mwepesi kama mtoto, huku mshipi wote ukiishia majini.

"Mama Noela," Jilala alinong'ona, "usimwambie mama."