Siku Niliyoleta Bunduki Matombo

Nilirudi kutoka mjini na bunduki mpya begani na kibali mfukoni, nikakuta ukoo mzima umeketi mikekani uani kwangu. Wanawake wamejitanda kanga. Ukungu umefunika migomba mchana kweupe.

Nikawahesabu: mama, mke wangu, wanangu, dada zangu. Hata mjomba, aliyeapa kwamba nikileta silaha tusijuane, alikuwepo na kanzu yake safi. Hakupungua mtu.

"Shikamoo, mjomba. Msiba wa nani?"

"Marahaba, Mikidadi. Bado hatujajua."

"Acheni utani! Bunduki hii ni ya nguruwe pori wanaonimalizia mihogo."

"Nguruwe tunawajua," mama akasema. "Tumeona tulie mapema, tungali tumetimia. Keti, baba."

Nikacheka, nikajikuta nacheka peke yangu.

Mjomba akatandaza sanda nyeupe mkekani, akashika mkasi, akausimamisha hewani. "Kinachotushinda ni kipimo. Tukate ya mkubwa au ya mtoto?"

Binti yangu wa mwisho, aliyedhani ni mchezo, akajilaza juu ya ile sanda, akanyoosha miguu.

"Baba, mimi natosha?"