Ruhusa ya Kushuka

Mshonaji alimpaka binti yake poda usoni, jasho likaichuruzisha. Akaifuta, akapaka upya.

"Punguza, mwanangu. Umempaka kama bibi harusi," alisema mkunga, mama wa makamo waliyelala naye chumba kimoja safari nzima. "Na mlainishe midomo, imempasuka."

"Nasikia baridi, mama," mtoto alilalamika.

"Daktari akija usitaje baridi. Sema hukulala vizuri. Umesikia?"

Nje ya kidirisha cha duara, mji ulikuwa unasogea: ukuta mnene wa mawe, minara, na mizinga mikongwe iliyoelekezwa baharini. Mshonaji alikuwa akiusikia mji huo tangu utotoni. Kaka yake alikuwa na tanuri la mikate huko, na ndiye aliyemwita baada ya mumewe kufariki. Alikuwa ameuza kila kitu isipokuwa cherehani. Hakuwa na pa kurudi.

"Unaiona ile mizinga?" mkunga alisema. "Bibi yangu aliisikia ikilia. Meli ilifika na wagonjwa wa homa, wenye mji wakapanda ukutani wakaipiga. Waliojitupa majini waliogelea mpaka langoni, wakagonga, wakagonga. Hakuna aliyewafungulia."

"Shangazi, mtoto anasikia," mshonaji alimkatiza mkunga.

"Basi naye ajue asikohoe."

Mshonaji akawaza wale waliokuwa ndani ya ukuta. Walilalaje usiku ule? Halafu akamtazama binti yake, akahisi pengine walilala vizuri tu. Watoto wao walikuwa wazima.

Nahodha alikuwa amewaambia wazi: meli hungojeshwa mbali na gati kutwa nzima, na akionekana mgonjwa mmoja, wote wanarudishwa. Lakini siku hiyo hawakungojeshwa. Bendera ya ruhusa ilipandishwa mnarani kabla hata hawajatia nanga, na kamba zao zikapokelewa gatini mbiombio.

Daktari wa bandari alipanda peke yake. Alikuwa mwembamba, ndevu hazijanyolewa, koti limepigwa pasi vizuri. Kabla ya kuwatazama abiria waliopangwa kwenye sitaha, alimgeukia nahodha.

"Makaa ya mawe yamebaki? Na maji?"

"Yapo ya kutosha kurudi tulikotoka," nahodha alijibu, akishangaa kidogo.

"Vizuri. Sisi huku hatujapata habari za nje siku nyingi."

Akapita mbele ya abiria haraka haraka, kama mtu anayekagua viatu dukani asivyotaka kununua. Alipofika kwa mtoto, akasimama. Akamwekea vidole kwenye paji la uso, akaviacha hapo.

Poda ilikuwa imeganda kwenye vidole vya daktari. Akavitazama, kisha akamtazama mama.

"Hakulala vizuri tu, daktari," alisema mshonaji kwa sauti isiyokuwa yake.

"Mna mtu wa kuwapokea?"

"Kaka yangu. Ana tanuri la mikate nyuma ya soko."

Daktari alijifuta vidole kwenye koti. "Mpe maji yaliyochemshwa," akasema taratibu. "Yaliyochemshwa, mama. Umenielewa?" Kisha akapaza sauti: "Shukeni wote! Upesi, tafadhali, vyumba vinahitajika."

Mkunga alimminya mkono. "Mungu kakufunika, mwanangu!"

Mshonaji alicheka huku machozi yanamtoka. Akambeba mtoto mgongoni, mkunga akambebea cherehani, na wote wakapita chini ya lango la nondo pamoja na abiria wengine. Askari waliosimama hapo hawakumwuliza mtu jina wala mzigo.

Barabara ya ndani ilikuwa kimya. Hakukuwa na wachukuzi, wala wachuuzi, wala harufu ya mkate. Vibanda vilikuwa vimefungwa mchana kweupe, na moshi mzito ulipanda nyuma ya soko, mahali pasipokuwa na bomba la kutolea moshi. Kaka yake hakuonekana.

"Atakuwa kazini," alijiambia.

Nyuma yao lango likabamizwa. Mshonaji aligeuka. Kupitia nondo aliwaona askari wakilifunga kwa nje, kisha wakaokota mabunda yao na kukimbilia melini, ambako watu waliotokea maghala ya gatini walikuwa wanapanda ngazi kwa kusukumana, magodoro vichwani. Honi ikalia. Juu ya sitaha, bila koti, daktari wa bandari alikuwa akiwahesabu wanawe, huku mabaharia wakivuta ngazi.