Vidole vya Taprandich

"Mama, kunja vidole," daktari wa zahanati ya kampuni ya chai alisema.

Taprandich alinitazama. Tangu plasta itolewe mkononi mwake, kila asubuhi kabla wagonjwa wengine hawajafika, nilikuwa nikimkanda kwa mafuta ya ng'ombe na kumkunja kidole kimoja kimoja. Jana kidole gumba kilikuwa kimegusana na cha shahada kwa mara ya kwanza. Alichuma jani kwenye tawi la chai nililomletea, akacheka kama msichana.

"Nasikia kuna mtu hapa anatibu viungo bila leseni," daktari aliendelea. "Mimi niliandika kwamba mkono huu hautakunjika tena. Ukikunjika, nitajua nani ameushika, na huyo atafukuzwa leo."

Cheti cha chuo cha tiba ya viungo nilikuwa nacho. Leseni nilikuwa nimeiomba mara tatu bila kujibiwa. Nilificha mikono yangu mgongoni, ikiwa bado inateleza kwa mafuta.

"Haya, kunja! Asiyeweza kuchuma hakai kwenye nyumba ya kampuni. Unajua hivyo?"

"Najua," Taprandich alijibu.

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Taprandich akaniwahi.

"Havikunjiki, daktari. Huyu mtoto wa watu hata hajawahi kunigusa."

Alivinyoosha vidole mbele yake, vikavu kama kuni. Vilikuwa vinatetemeka kwa jinsi alivyovizuia.

Daktari aliandika mstari mmoja tu.

"Kesho wewe na watoto wako mhame."

Nikafunga mdomo.