Mguu wa Nakivuli

Mguu alikwisha kuuondoa. Sasa Gisèle alikuwa akiutafuta mwavuli, ukurasa kwa ukurasa, na kila alipoukuta aliufuta taratibu, kama mtu anayetoa doa kwenye nguo ya mtu mwingine.

Larissa, binti yake, alisimama nyuma ya kiti akiangalia kompyuta.

"Maman, hapana! Mwavuli ile? Sasa Nakivuli ataibia batoto vivuli na nini? Na sashe ya plastiki?"

"Ataacha kuiba. Atakuwa mutu mwema."

"Mutu mwema anachosha." Larissa alicheka. "Na muguu je? Kitabu ya kwanza anavuta ya kushoto, ile ya pili umeandika ya kuume. Ku masomo banatucheka."

"Nilikosea. Sasa hatavuta hata moja."

Nakivuli alizaliwa Uvira, kwenye meza ambayo Gisèle alishonea sare za shule kabla hajawa mwandishi. Alikuwa mchawi wa mwavuli mwekundu na mguu mzito, anayekusanya vivuli vya watoto watukutu na kuvikunja kama shuka. Kitabu kilipendwa kuliko alivyotarajia. Kilisomwa redioni, kikaingia mashuleni, na watoto wakaanza kumsimamisha Gisèle njiani ili awaangalizie kama vivuli vyao bado vipo.

Kisha familia ikahamia Bukavu, ikapanga nyumba mtaa wa Kadutu, kwenye mteremko. Kitabu kilikuwa kimetangulia kufika. Siku za mwanzo kabisa, Gisèle alimwona jirani wa nyumba ya chini, Maman Faida, mjane, akipanda ngazi na mwavuli mwekundu juu ya kichwa, akivuta mguu wa kushoto. Watoto waliokuwa wakicheza mpira waliuacha mpira pale pale.

"Nakivuli! Nakivuli anakuja!"

Gisèle alibaki mlangoni akimtazama. Hakuwa amewahi kumwona mwanamke yule. Nakivuli alimtunga kichwani mwake, kitu kwa kitu, na kumbe alikuwa akimchora mtu aliye hai. Tangu hapo hakuwa na raha. Alijua jina la namna ile huanza kwenye mchezo wa watoto, na alijua mahali linapoweza kuishia likishikwa na watu wazima. Alimpelekea Maman Faida unga, sambaza wale samaki wadogo wa ziwani, mara nyingine sabuni. Kila mara alikwenda kuomba msamaha, na kila mara alirudi akiwa amezungumza juu ya mvua tu.

Kitabu cha pili kilipotoka, mwezi huu, na mchawi akawa maarufu zaidi, aliona hawezi tena. Cha tatu kingemsafisha.

Nje, kwenye ngazi za mawe, ilisikika hatua moja, kisha mburuzo. Hatua, mburuzo. Larissa alikimbilia chumbani.

"Hodi kwa maman Larissa!"

Maman Faida aliketi, akaulaza mwavuli magotini. Chai aliyopewa hakuigusa.

"Nasikia uko unaandika kitabu ingine," alisema. "Ni kweli Nakivuli atabadilika?"

Larissa ndiye aliyeisambaza habari, bila shaka, na baada ya Larissa mtaa mzima. Gisèle alijaribu kumtazama mgeni wake usoni, akashindwa, akautazama mwavuli.

"Maman Faida, unisamehe," alisema, na maneno aliyoyameza muda wote ule yakatoka kwa pamoja. Kwamba hakumjua. Kwamba hakukusudia. Kwamba kila mtoto anapokimbia, yeye ndiye anayetaka kujificha. "Naona vile unaishi. Hakuna mutu anakutembelea tena."

"Ile ni kweli," Maman Faida alikubali. "Batoto habapandi tena ku mapera yangu. Hata bashemeji zangu ba kule Mudaka, tangu marehemu bwana yangu aende, balikuwa banaingia mpaka chumba, banafungua kabati, banapima parseli, kiwanja yangu yote. Sasa banasimama ku barabara. Banasalimia na mukono, banaenda."

Hata ndugu! Gisèle alijifunika uso.

"Nitarekebisha, Maman. Muguu nimefuta. Mwavuli nimefuta karibu yote. Leo hii namaliza, natuma kwa wachapishaji. Hakuna mutu atakuogopa tena."

Maman Faida aliushika mwavuli kwa mikono yote miwili.

"Ulishatuma?"

"Bado."

"Basi funga mashini, mwanangu. Umechoka. Ile kazi hata kesho itakuwapo."

Mtu aliyeumizwa ndiye aliyekuwa akimwonea huruma aliyemuumiza. Gisèle alitii kama mtoto. Aliifunga kompyuta, Nakivuli akabaki katikati ya sentensi, mkono umeinuliwa, ndani yake hamna kitu.

Maman Faida aliinuka. Mlangoni alichungulia ngazi, juu, kisha chini. Hapakuwa na mtu. Akaurudisha mlango, akavuka sebule kwa hatua nyepesi za haraka, bila kuburuza mguu wowote, akamwinamia Gisèle sikioni.

"Bashemeji banarudi kesho asubui," alinong'ona. "Sasa niambie, maman Larissa, sababu batoto banaanza kubishana: nivute muguu gani, ya kushoto ao ya kuume?"