Taka za Korongo Jekundu

Nepi nyingine ilikuwa imewekwa juu ya jiwe bapa, katikati kabisa ya njia panda, na jiwe dogo limewekwa juu yake isije ikapeperuka. Nzi walikuwa wameshaijaa.

"Hii sasa si bahati mbaya," alisema Janelle, akiziba pua kwa mkono wa shati. "Mtu amesimama hapa, akafikiria, akaitenga. Kama sahani mezani!"

"Labda ni sanaa," alisema mumewe, Dallin.

"Usianze, Dal. Nitatapika."

Alivunja vijiti viwili kwenye kichaka kikavu, akaibana ile nepi kama anayeokota nyoka, akaitumbukiza kwenye mfuko mweusi alioushika binti yao. Brynn, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa ameunyoosha mkono mbali na mwili kadiri ulivyoweza kufika.

"Mama, si tungeiacha tu?"

"Tuiache? Babu yako alinileta hapa nikiwa mdogo kuliko wewe. Hata ganda la chungwa alikuwa analitia mfukoni. Halafu nguruwe hawa waje waniachie mavi njiani?"

Kila Julai familia ya Thayne ilifunga baiskeli nyuma ya gari na kuja kwenye makorongo haya ya Utah. Asubuhi hiyo waliliacha gari penye maegesho, wakaendesha baiskeli kwenye barabara ya mchanga hadi mdomo wa korongo. Huko walikuta gari dogo jeupe lenye namba za California, limezama mchangani nusu ya magurudumu, ndani hamna mtu.

"Watu wa mjini," Janelle alisema, na hukumu ikawa imeshatoka hapohapo. Waliegemeza baiskeli kwenye mwamba, wakaingia kwa miguu.

Ndani, korongo liligawanyika, likagawanyika tena, kuta zote zikifanana, na karibu kila lilipogawanyika palikuwa na uchafu mpya. Nepi iliyovuja. Kitambaa cha kumfutia mtoto, kimekauka na ukahawia wake, kimefungwa kwenye tawi. Soksi ya kike iliyoganda jasho, yenye damu kisiginoni. Joto lilivyopanda, uvundo nao ulipanda. Dallin alipotoa mkate wake wa siagi ya karanga, nzi aliyechomoka kwenye mfuko akatua juu yake. Dallin aliutazama mkate, akaurudisha kwenye begi.

Mbele kidogo, mtu alikuwa amechora kwenye mwamba kwa rangi ya mdomo: mstari mmoja mrefu, na miwili mifupi kwenye ncha yake.

"Kama mguu wa ndege," alisema Brynn.

"Mguu wa mpumbavu. Miaka na miaka mwamba umekaa hapa, mtu anakuja kuupaka lipstiki!"

Janelle alifungua chupa yake, akaumwagia mwamba maji, akausugua kwa skafu hadi wekundu wa rangi ukapotelea kwenye wekundu wa jiwe. Viganja vilibaki vinanata. Alivinusa, akakunja uso.

Nepi ya mwisho ilikuwa nyepesi. Brynn aliibonyeza kwa kijiti.

"Hii ni kavu, Mama. Haina hata mkojo."

"Unaona? Hata safi wanatupa."

Kando yake palikuwa na chupa ya maziwa ya mtoto, chuchu yake imetafunwatafunwa, na matone yaliyobaki yameganda yakawa kama jibini lililooza. Harufu ilipompata, Janelle aligeuka, akainama, akatapika kweli. Dallin alimshika mgongo, naye akitazama juu asije akamfuata.

"Kuna kitu kingine kule," alisema Brynn. Alikuwa akionyesha tawi jembamba la korongo, upande wa kushoto. "Cha njano. Pale mchangani."

"Kiache."

"Lakini si umesema tusafishe lote?"

"Brynn! Nimeokota vya kutosha. Sina tumbo la kuona kingine. Tunarudi."

Brynn alikitazama tena kile kitu cha njano, akaufunga mfuko fundo, akawafuata wazazi wake.

Walipotoka walishika njia ya mtoni. Janelle alisugua mikono kwa mchanga, akasugua kwa sabuni, akarudia mchanga. Waliogelea, wakajilaza kivulini, lakini hamu ya chakula haikumrudia yeyote. Jua lilipolegea walipanda baiskeli kurudi kwenye gari lao, mfuko ukining'inia kwenye usukani wa Dallin na nzi wakiwasindikiza.

Pale maegesho palikuwa na magari mengi ambayo asubuhi hayakuwepo, na trela mbili za farasi.

"Wachafuzi wengine hao," alisema Janelle.

Kisha akamwona askari wa hifadhi, mwanamke mwenye kofia pana, ameegemea mlango wa gari lake na redio mkononi. Janelle aliuchukua mfuko, akaenda mbio, akaubwaga miguuni pake.

"Afadhali nimekukuta! Fungua ujionee mwenyewe. Tumezoa korongo zima, kuanzia mdomoni hadi kule ndani, hatukubakiza kitu. Nataka hao watu watafutwe."

Askari alimwinulia kiganja, asubiri. Redio ilikoroma, kisha ikasikika vizuri sauti ya mwanamume anayehema.

"Tumepita kila njia panda, mkuu. Korongo ni safi kabisa. Kama yule mama na mtoto wake waliingia huku, hawakuacha hata alama moja."