Kundi Lililongoja

Namba ya mwisho ilipoingia kwenye jedwali, mwanachuo aliweka kalamu chini na kufunika macho kwa viganja. Kundi A: maneno ishirini na matano kwa dakika. Kundi B: ishirini na manne.

Alihesabu upya. Akahesabu mara ya tatu, kwa sauti, kama mtu anayesihi. Namba hazikumhurumia.

Utafiti huo wa kuhitimu shahada ya ualimu aliupanga mwaka mzima, lakini swali lake lilizaliwa nyumbani. Mama yake alifundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na mmoja, akiwasomesha watoto kwa kadi alizozikata mwenyewe kutoka kwenye maboksi: kila kadi silabi moja, irabu zake kwa wino mwekundu. Wakaguzi walizicheka. Mmoja wao aliziita takataka za dukani. Sasa mama alikuwa kitandani, figo zimechoka, na jambo moja tu lilikuwa likimnyima utulivu.

"Sitaki kusifiwa," alimwambia binti yake. "Nataka kujua tu. Zilikuwa zinafundisha, au watoto walikuwa wakikua wenyewe?"

Ndipo binti alipoligawa darasa moja kwa kura, vikaratasi vilivyokunjwa ndani ya kofia ya mwalimu wao. Watoto kumi na wanane wakawa Kundi A, kumi na wanane Kundi B. Kila asubuhi, kwa wiki kumi, Kundi A walimfuata chumba cha pembeni kusoma kwa kadi. Kundi B walibaki na kitabu chao cha kawaida. Bila wa kulinganishwa nao, msimamizi wake chuoni alimwonya, utafiti ni porojo.

Siku ya kwanza, msichana mmoja wa Kundi A, ambaye wenzake walimwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo, aliinua mkono.

"Dada, na wale wengine?"

"Wale watangoja."

"Wangoje nini?"

"Wangoje tumalize. Ndiyo kanuni yenyewe."

"Pacha wangu yuko kule."

"Najua, mpenzi. Kura ndiyo iliyoamua."

Chiriku alinyamaza. Hilo peke yake lingemshangaza yeyote aliyemfahamu.

Wiki zilikwenda kwa utulivu. Kero ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya mwalimu wa darasa: maboksi ya chaki yaliyokuwa stoo yalizidi kupoteza vifuniko. "Panya wa shule hii wanajua kutumia mkasi," alisema, nao wakacheka.

Hakucheka mtu siku ya matokeo. Mwalimu alilitazama jedwali, kisha akainama karibu na sikio la mwanachuo.

"Mwanangu, punguza alama mbili tatu kule B. Nani atajua?"

"Mama atajua."

"Atajuaje?"

"Nitakapomtazama usoni, mwalimu."

Msimamizi naye hakuzunguka. "Makundi yote mawili yamepanda, tena yamepanda sawasawa. Waliokosa kadi hawakukosa kitu. Andika hivyo hivyo. Ukweli mchungu nao ni matokeo."

Akaandika: *Kadi hazikuonyesha mchango wowote katika ujuzi wa kusoma.* Sentensi hiyo moja ilimchukua alasiri nzima.

Nyumbani alikaa ukingoni mwa kitanda, akakosa pa kuanzia.

"Sema tu," mama alisema. "Mimi ni mwalimu. Nimewahi kutoa matokeo mabaya kuliko hayo uliyoyaficha mdomoni."

Akasema yote.

"Basi walikuwa wakikua wenyewe," mama alisema. Akautafuta mkono wa binti yake juu ya shuka. "Afadhali umeniambia wewe, wala hukunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sasa lile boksi langu la kadi lilete hapa. Karatasi kavu hushika moto upesi. Tupikie chai."

"Mama, zitunzwe tu."

"Zitunzwe zimfae nani? Tupikie chai, mwanangu."

Alizichoma moja moja chini ya birika. *Ba. Be. Bi.* Wino mwekundu ulikuwa wa mwisho kuungua. Mama alikunywa kikombe chote, akasema chai imekolea. Jumanne iliyofuata walimzika.

Wiki mbili baadaye mwanachuo alirudi shuleni kutimiza ahadi: nakala moja ya ripoti, iliyojalidiwa kwa gamba jeusi, ilipaswa kubaki pale. Ilikuwa mapumziko ya mchana na ofisi ilikuwa tupu. Aliiweka juu ya meza ya mwalimu, akainyoosha ikae sawa, akatoka.

Alipokuwa akikatiza nyuma ya stoo kuelekea getini, alisikia sauti aliyoifahamu. Akachungulia.

Kundi B lote lilikuwa limeketi chini, watoto kumi na wanane, hakupungua hata mmoja. Katikati yao zilitandazwa kadi zilizokatwa kutoka kwenye maboksi ya chaki, kila moja na silabi yake, irabu zimekolezwa kwa penseli nyekundu. Pacha wa Chiriku alikuwa akipanga neno. Chiriku mwenyewe alikuwa amesimama mbele yao na kijiti mkononi.

Alipomwona mgeni, alikificha kijiti nyuma ya mgongo.

"Dada, tafadhali usitusemee kwa mwalimu," alisema. "Tunajua ulitaka wangoje. Lakini kila ulichotufundisha asubuhi, sisi tuliwafundisha mchana, tangu siku ile ile ya kwanza."